Soda Isiyopendwa na Sisimizi

Jumatano, 2 Agosti 1995

Nimetoka zahanati. Siku mbaya! Daktari Gabrieli ametonesha mkojo wangu kwenye mrija wa kioo wenye maji ya bluu, akauchemsha juu ya moto wa spiriti, tukawa tunatazama wote wawili. Nikiri kwamba ilipendeza. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano. Nikamwuliza mchezo huo unafanyikaje. Akasema si mchezo, ni sukari. Bluu, mtu ni mzima wa afya. Kijani, sukari ipo kidogo. Njano, ipo. Ikifika rangi ya tofali ni sindano kila siku, maisha yote.

Akauliza nakunywa soda ngapi kwa siku. Nikasema mbili. Johari mke wangu, ambaye hakuna aliyemwomba anisindikize, akasema nane, na siku ya mnada kumi. Daktari akaandika kumi.

Basi. Wiki mbili bila soda, bila sukari, kula kwa kiasi, kutembea kwa miguu. Jumatano ya tarehe 16 nirudi na mkojo wa asubuhi kwenye chupa. Ikitoka tofali, sindano. Njiani Johari akaongeza hukumu yake: ikitoka tofali, friji linakwenda Ilongero kwa kaka yake Anuari, na hataki mjadala.

Friji langu! La mafuta ya taa, lililokuja juu ya lori la alizeti kutoka Singida mjini, Shelui nzima ikatoka kulipokea. Madereva wa malori wanaopanda mlima Sekenke na vumbi mpaka kwenye kope wanasimama kwangu kwa ajili ya baridi yake. Bila friji mimi Idrissa ni muuza viberiti tu.

Marehemu kaka yangu Kombo alianza hivihivi. Kidonda cha kidole kilichokataa kupona, kisha mguu, kisha yeye. Ninaogopa. Nimeandika hapa tu, na daftari hili linakaa chini ya gunia la chumvi.

Alhamisi, 3 Agosti

Habari zimeshavuka barabara. Ng'ambo anakaa Sostenes, muuza togwa. Togwa yake anaiweka kwenye mtungi, akisema mtungi una baridi ya heshima na friji lina baridi ya haraka. Amenizidi miaka mitatu tu, lakini inatosha: kila asubuhi lazima nimwamkie shikamoo, naye anaitikia marahaba ndefu ya kufika Nzega, kisha ananiita mdogo wangu.

Leo amenipa pole. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba yeye hajatia soda mdomoni tangu enzi zile za kupatikana kwa kujuana. Hata togwa yake haonji siku hizi. Ni maji tu. Akachota kata mbele yangu akanywa, akachota ya pili, akachota ya tatu. Tangu Pasaka amepungua vizuri sana, mkanda wake unazunguka karibu mara mbili. Johari kaniambia nimtazame mwenzangu. Nimemtazama. Nimechukia.

Alasiri lori la Alute likasimama. Alute ni dereva wa Ikungi anayejua kila kitu kinachopita nchi hii tangu biashara iwe huria. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana dawa yangu. Akafungua turubai. Makopo! Membamba, ya rangi ya fedha, yametoka Dubai kupitia Dar es Salaam. Kola. Kwenye kopo wameandika kwa Kiingereza kwamba haina sukari hata chembe. Anazunguka nayo tangu Dodoma na hakuna anayeitaka.

Nikaonja. Tamu! Nikamwuliza utamu unatoka wapi kama sukari haimo. Akasema unatengenezwa maabara, kijiko kimoja kinatosha pipa zima. Nikamwuliza kijiko cha nini. Akasema yeye ni dereva.

Nimechukua katoni tatu. Daktari alikataza sukari. Hakutaja makopo.

Ijumaa, 4 Agosti

Sijalala vizuri kwa kuwaza. Ulimi unasema sukari ipo. Kopo linasema haipo. Mmoja wao ni mwongo, na ulimi ni wangu.

Baada ya swala ya Ijumaa nimefanya uchunguzi. Nyuma ya duka, karibu na ukuta wa choo, kuna njia ya sisimizi. Upande wa kulia nikadondosha matone matano ya soda ya chupa. Upande wa kushoto matano ya kopo. Nikaweka kigoda, nikakaa.

Kulia walijaa. Nilihesabu arobaini na moja, kisha wakaanza kupandana. Kushoto alikuja mmoja. Akazunguka, akagusa, akasimama kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mashine, akaondoka. Hakurudi, wala hakutuma mwenzake.

Ajabu kubwa! Mdudu mdogo asiyejua kusoma amesoma kopo. Nikamwita Johari ashuhudie. Akauliza kama nimeshamwagilia vitunguu. Bustani yangu ya bondeni ingengoja. Sayansi haingoji.

Kwa ajili ya ukamilifu niliweka tone la tatu, la mkojo wangu mwenyewe. Wakaja kumi na wawili. Nikachukua kigoda nikaingia ndani.

Jumapili, 6 Agosti

Nimegundua jambo ambalo sidhani kama Daktari Gabrieli amelifikiria.

Soda ya chupa ina sukari. Soda ya kopo haina. Mtu akinywa chupa kisha kopo, kopo linakuta sukari ya chupa peke yake, halafu? Linaifuta! Ndiyo maana sisimizi wanalikimbia, ni adui wa sukari. Basi chupa moja, kopo moja, hesabu inabaki sifuri. Nimejaribu tangu jana. Chupa nne, makopo manne. Najisikia mwepesi.

Faida nyingine. Kwa kuwa kopo halina sukari, tumbo lina nafasi iliyobaki wazi, na nafasi haifai kupotea. Nimekula vitumbua sita vya mama wa jirani. Zamani nilikuwa nakula vitatu. Hii inaonyesha jinsi afya inavyorudi.

Johari ananitazama sana. Nimemwonyesha makopo na maandishi yake. Amesema atauliza kwa daktari. Nikamwambia asimsumbue mtu mwenye kazi nyingi.

Jumatano, 9 Agosti

Maulidi jana. Aibu leo.

Kila anayejua desturi zetu atanielewa. Mgeni akiingia nyumba ya watu, soda inafunguliwa mbele ya macho yake. Kizibo kikishatoka hakirudi. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba soda yake, nyumba yake na ukoo wake havikutoshi. Na jana nilialikwa nyumba nne! Nikafanya anachofanya mtu mwenye akili. Nikaweka makopo manne kwenye mifuko ya kanzu, ya kufutia.

Nyumba ya kwanza, salama. Nilikwenda uani nikafuta. Ya pili, salama. Ya tatu ilikuwa kwa Bi Saada, shangazi yake Johari, mwanamke ambaye hata mbuzi wake wana adabu. Jua lilikuwa kali, tumetembea sana, makopo yametikiswa. Tukiwa tumeinua mikono, dua inaelekea mwisho, kopo la mfuko wa kulia likafunguka lenyewe.

Sauti yake siwezi kuiandika. Povu lilipita kwenye kanzu, likashuka, likafika kwenye mkeka wa Bi Saada. Kanzu nyeupe, doa la kahawia, mahali pabaya kuliko pote. Hakuna aliyecheka. Bi Saada akasubiri amina, akamwambia Johari anirudishe nyumbani nikapumzike, na mimi nikamwambia shikamoo, sijui kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia.

Leo kanzu imeanikwa uani. Nimeichunguza. Sisimizi hawajagusa doa hata mmoja! Johari alinikuta nimepiga magoti mbele ya kanzu yangu mwenyewe na kioo cha kukuzia. Akageuka, akarudi jikoni.

Ijumaa, 11 Agosti

Usingizi hauji. Makopo yanafanya macho yawe wazi hadi jogoo. Tumbo linanguruma, na wateja wanageuka kutazama barabarani wakidhani lori linakuja.

Daktari Gabrieli amepita dukani kununua sabuni. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye makopo. Nilidhani atafoka. Hapana! Alichukua moja akaligeuza, akasoma mpaka chini, akaonekana na hamu kuliko mimi. Akasema ni kweli, sukari haimo, na kwa mtu wa hali yangu kopo moja la mara mojamoja lina nafuu kuliko chupa. Wataalamu wa nje bado wanabishana mengine. Lakini akasema mambo matatu ambayo nayaandika kwa ajili ya haki tu. Kwamba tindikali imo vilevile, na tindikali inakula meno, iwe kopo au chupa. Kwamba ulimi uliozoeshwa utamu kutwa nzima unaendelea kuudai, na mwenye ulimi anautafuta kwenye sahani. Kwamba kopo halifuti kitu chochote.

Akauliza ninakula nini na hayo makopo. Sahani ya vitumbua ilikuwa chini ya gazeti. Nikaegemea gazeti. Nikasema siku hizi sina hamu ya chakula.

Alipoondoka nilichukua jino langu. Ni gego lililong'oka mwaka jana nikalihifadhi kwa sababu zangu. Nimelitumbukiza kwenye kikombe cha soda ya kopo. Tutaona huyu daktari na tindikali yake.

Jumapili, 13 Agosti

Jino limekuwa la kahawia na linakwaruza kama ukuta uliobanduka chokaa. Hitimisho: jino hilo halikuwa imara tangu mwanzo. Ndiyo maana liling'oka.

La pili ni zito zaidi. Nimerudia uchunguzi wa ukuta wa choo, tone langu tu. Wiki iliyopita walikuja kumi na wawili. Leo thelathini na watatu! Nimewahesabu mara mbili, na walikuwa wanaendelea kuja. Sukari haikufutwa. Kuna mahali hesabu imeniendea vibaya.

Zimebaki siku tatu. Nimemwona Johari akipima mlango wa friji kwa kamba. Nikamwuliza anapima nini. Akasema anataka kujua kama litapita kwenye mkokoteni.

Nimewaza kutwa nzima. Daktari hatazami uso, anatazama chupa. Chupa inatoka nyumbani. Kinachohitajika ni mkojo safi wa mtu safi. Na mtu safi kuliko wote Shelui ni nani? Nani hanywi ila maji? Nani mkanda wake unamzunguka mara mbili?

Inauma. Lakini ni yeye.

Jumanne, 15 Agosti

Nimevuka barabara. Shikamoo. Marahaaaba. Nikamweleza Sostenes kwamba vitunguu vyangu vya bondeni vinaliwa na wadudu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba bwana shamba amenipa dawa ya kunyunyiza, jambo ambalo si kweli. Dawa yenyewe ni mkojo. Mkojo wa ng'ombe watu wengi wanautumia, lakini kwa vitunguu unatakiwa wa binadamu, na binadamu huyo awe hajaonja soda muda mrefu, kwa sababu soda inaharibu nguvu. Nikasema nimetafuta Shelui yote.

Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo. Alinyooka. Akasema alijua siku moja watu wataelewa. Akauliza kama lita tano zitatosha. Nikasema chupa moja ya asubuhi inatosha kuanzia.

Akasema haina shida hata kidogo, siku hizi anajaza upesi, usiku anaamka mara nne au tano. Mwili unajisafisha, alisema. Nilimwonea wivu wa kweli. Kisha akakaa juu ya gunia kupumzika, na mteja wake akajichotea togwa mwenyewe.

Jumatano, 16 Agosti

Alfajiri alinigongea. Chupa ya soda, imejaa hadi shingoni, amefunga kwa gunzi. Chupa ya soda! Alisema ameiokota nyuma ya duka langu. Nikamshukuru, akaenda zake anatembea polepole, ameshika ukuta.

Wakati wa kumimina kwenye kichupa cha dawa nilimwaga kidogo kizingitini. Nilipomaliza kuvaa nikakuta kizingiti ni cheusi. Sisimizi! Sijawahi kuona jeshi kama lile, hata kwa soda ya chupa halikuja. Nilishtuka. Halafu nikakumbuka: chupa ilikuwa ya soda, na Sostenes asingejua kuiosha vizuri. Masalia tu. Nikaenda zahanati napiga mluzi, Johari nyuma yangu.

Daktari Gabrieli akatonesha. Akachemsha. Sikutazama mrija, nilikuwa naitazama chati ya uzito wa watoto na kutabasamu. Akazima moto wa spiriti. Nikageuka.

Tofali. Si tofali la kuelekea njano. Tofali la tanuruni.

Nikasema mrija mchafu. Akachukua mwingine. Tofali. Akavuta kiti karibu, akaongea taratibu kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema mwenye mkojo huu ana kiu isiyokatika. Anaamka usiku mara nne, mara tano. Anapungua bila kufunga. Anachoka kwa kazi ndogo, anatafuta pa kukaa. Mtu huyu asipopata sindano upesi anaweza kulala siku moja na asiamke. Akaniuliza mbona sikumwambia kama nina hali hiyo.

Nikawa namsikiliza, na kila alichosema nilikuwa nakiona. Kata ya tatu. Mkanda. Gunia. Mkono kwenye ukuta.

Alitaka niende hospitali ya wilaya leoleo. Nikasema nina mambo ya kupanga. Akanipa hadi kesho mchana, akamwita Johari pembeni. Johari amerudi nyumbani. Nilitarajia ataleta mkokoteni. Amekaa jikoni amegeukia ukuta, analia. Nimeona aibu ambayo haijawahi kunipata, hata juu ya mkeka wa Bi Saada.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimepima njia zote. Ya kwanza, kunyamaza, kwenda hospitali, wakanipime upya, wakute mimi si tofali, nirudi na jina safi. Sostenes atabaki na kata yake. Ya pili, kumwambia daktari chupa zilichanganyika, bila kutaja ya nani. Ya tatu, kuvuka barabara na kusema kweli, sikuitaka.

Asubuhi nilichungulia dirishani. Sostenes alitaka kufunua mtungi. Akashika kifuniko, akakiacha, akakaa chini. Akabaki hivyo, anatazama miguu yake. Hakunywa hata maji. Miaka kumi na mmoja nimemchukia mtu yule kila siku ya Mungu, na sikujua kwamba ningeogopa hivyo.

Nikavuka. Shikamoo. Marahaba ilikuwa fupi. Nikakaa kwenye gunia la pili. Nikasema, "Kaka Sostenes, ule mkojo haukwenda kwenye vitunguu."

Nikamweleza yote. Mrija, friji, sisimizi, kichupa. Nilidhani atanipiga na kata. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kitu kwa Kinyiramba, taratibu, kwa nafsi yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, mdogo wangu, vitunguu bado vinaliwa?"

Nikasema vinaliwa.

Johari ndiye aliyetafuta gari. Alipojua habari yote alifuta macho, akasema, "Baba Anifa, wewe ni mjinga, lakini leo umekuwa mtu." Nimeliandika neno kwa neno ili liwepo. Lori la Alute lilikuwa linashuka. Tukampandisha Sostenes mbele, akiwa kati yangu na Alute, na jagi la maji mapajani.

Ijumaa, 18 Agosti

Wamemlaza. Wamemtundikia dripu, wamemchoma sindano. Muuguzi alisema angechelewa siku mbili au tatu tungekuwa tunaongea mengine. Usiku nililala kwenye benchi la hospitali nikamsikia vizuri kabisa akikoroma. Ni sauti mbaya. Nilifurahi.

Nikiwa hukohuko Johari aliagiza, kupitia kwa Alute, kwamba wanipime na mimi, na safari hii muuguzi asimame mlangoni. Alisimama. Njano, ya kuelekea chungwa. Nimeliponea tofali chupuchupu. Wameniambia yaleyale: soda basi, vitumbua basi, tembea. Kopo si tiba. Nirudi mwezi ujao.

Njano! Dar es Salaam, kwenye taa za barabarani, njano maana yake ujiandae. Najiandaa.

Jumanne, 22 Agosti

Sostenes amerudi. Macho yametulia, na anatembea bila ukuta. Amekuja na vichupa viwili vidogo vya dawa ya sindano, na Daktari Gabrieli amekuja naye kueleza. Dawa hiyo inatakiwa baridi, isiwe barafu, isipate joto. Friji la zahanati limejaa chanjo za watoto. Mtungi unaweza kusaidia kwa shida, lakini Shelui kuna friji moja tu la mtu binafsi.

Wote wakanitazama.

Johari ametoa hukumu mpya. Friji haliendi Ilongero. Soda ndiyo inatoka. Zote! Nimezipanga kwenye rafu, zimepata joto na vumbi, na madereva wanaziangalia kwa huruma. Ndani ya friji langu mna bakuli lenye vichupa viwili na ndoo ndogo ya maji ya Johari. Nanunua mafuta ya taa kwa ajili ya baridi ya Sostenes.

Anakuja mara mbili kwa siku. Anafungua mlango wa friji mwenyewe, bila hodi. Nami, ndani ya duka langu, mbele ya wateja wangu, nasema shikamoo. Asubuhi ya leo alisimama na kichupa mkononi, hakuondoka. Akasema nimemwokoa, na kwamba watoto wake wanajua. Nikamwambia afunge mlango, baridi inapotea.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimepata utulivu wa kuyatafakari yote yaliyotokea. Sasa naona wazi.

Mtu wa kwanza hakuonja soda miaka na miaka. Maji tu, mtungi kwa mtungi. Mtu wa pili, chupa nane kwa siku, siku ya mnada kumi. Ni yupi anachomwa sindano? Ushahidi uko mbele ya macho ya kila mtu na hakuna anayeutazama, hata waliosoma. Nimeanza kupunguza maji.

Lakini ugunduzi mkubwa ni mwingine. Siku tatu zilizopita kulitokea kwamba chupa moja ya soda ikajikuta ndani ya friji, nyuma ya ndoo ya Johari, imeegemea bakuli la dawa ya Sostenes. Usiku tatu mfululizo! Sasa, dawa ile imemaliza sukari ya mtu mzima aliyefika rangi ya tofali. Itashindwa na chupa moja iliyolala ubavuni mwake? Soda hiyo kwa vyovyote imebaki utamu tu, sukari hakuna. Hata Dubai hawajafikia hapo.

Mimi ni mtu wa uchunguzi, siamini kitu bila kupima. Nimedondosha matone matano kwenye ukuta wa choo, nikakaa kwenye kigoda. Wamekuja sisimizi arobaini na saba.

Nimewatazama kwa makini sana. Si wale wangu. Hawa wametoka upande wa Sostenes, wamevuka barabara, na hawajazoea vipimo.

Nimeinywa. Baridi safi. Kesho naweka mbili.